Mtoto wa nguruwe akifa Kamatanda, jibu liko ndani ya bandama

Kwa mfugaji wa nguruwe wa Kamatanda, dalili ya kwanza si damu wala madoa. Ni kimya. Watoto wa nguruwe wenye afya hupiga kelele mara tu wakisikia ndoo ya chakula imegonga mlango wa banda, wanasukumana, wanapandana. Siku ugonjwa unapoingia hawainuki. Wamerundikana kwenye kona kana kwamba wanasikia baridi, na huku jua la Likasi limekwisha kupanda. Ukimgusa mmoja nyuma ya sikio, anachoma kama jiwe la jikoni. Kesho yake mmoja amekufa, keshokutwa wawili, na masikio na matumbo ya waliobaki yanaanza kugeuka rangi: mekundu kwanza, halafu ya zambarau.

Swali linalokuja hapo lina haraka. Wamekufa na nini? Kama ni bakteria, sindano za antibiotiki zinaweza bado kuwaokoa wenzao. Kama ni pesti ya nguruwe ya Afrika, ile ambayo Tanzania na Kenya wanaiita homa ya nguruwe ya Afrika, hakuna sindano ya kuponya. Kila nguruwe anayetolewa bandani, kila kilo ya nyama inayobebwa sokoni na kila kiatu kinachotoka na matope vinaupeleka ugonjwa kwa jirani.

Jina la Kamatanda likitajwa, wengi wanafikiria machimbo, kwa kuwa sehemu hiyo ya Likasi inajulikana kwa shaba na kobalti kuliko kwa mifugo. Lakini katika mitaa ya pembeni ya miji ya Katanga, nguruwe ni sanduku la akiba la familia. Jike mmoja anazaa watoto wanane, kumi, hata zaidi. Wanalishwa pumba za mahindi, majani ya viazi vitamu na mabaki ya bukari, na mwezi wa tisa, masomo yanapofunguliwa, wanauzwa. Banda likiteketea mwezi wa saba, hasara haiishii bandani. Inafika hadi kwenye karatasi ya shule ya mtoto.

Kwa hiyo mfugaji anajaribiwa kufanya jambo moja ambalo kila mtu wa mtaa analijua, ingawa si wote watalisema: kuchinja haraka wale ambao bado wanapumua na kuuza nyama kabla haijaharibika. Mtu hawezi kuambukizwa virusi hivi kwa kula nyama ile. Nguruwe ndiye anayeambukizwa, kupitia maji yaliyooshea nyama, mifupa iliyotupwa na mabaki ya sahani yanayorudi kwenye ndoo ya chakula chake.

Magonjwa mengi, sura moja

Macho peke yake hayawezi kumaliza ubishi. Pesti ya nguruwe ya Afrika katika hali yake kali inaleta joto la mwili la nyuzi 41 au 42, kukataa chakula, kutapika, kuharisha damu mara nyingine, ngozi kubadilika rangi, majike kutoa mimba, na kifo ndani ya juma moja au mawili. Ila ugonjwa ambao waganga wa mifugo wanauita kwa Kifaransa «rouget» nao unaleta joto na madoa mekundu. Salmonela inaua watoto wa nguruwe na kugeuza masikio yao kuwa zambarau. Kuna pia pesti ya nguruwe ya kawaida, inayotokana na virusi tofauti kabisa, ambayo hata daktari mwenye uzoefu hawezi kuitenga kwa kutazama tu. Hata sumu ya panya iliyoangukia kwenye chakula inaweza kuacha maiti zenye damu ndani.

Mzoga ukifunguliwa, dalili zinaongezeka nguvu. Bandama, ambayo wengine wanaiita wengu, inaweza kuwa imevimba mara kadhaa kuliko kawaida, nyeusi, inayokatika kirahisi kama mkate uliolowa. Tezi za limfu zilizo karibu na tumbo na figo zinafanana na madonge ya damu. Figo zina nukta nyekundu nyingi. Daktari akiona hayo yote pamoja atashuku sana. Lakini kushuku si kuthibitisha, na mtoto wa nguruwe aliyekufa kwa haraka mno anaweza asioneshe chochote kati ya hayo, kwa sababu virusi vimemmaliza kabla ya viungo vyake kubadilika.

Kwa nini tishu, na kwa nini hasa kwa wadogo

Watu waliozoea kupimwa damu hospitalini wanaweza kuuliza kwa nini kisichukuliwe kipimo cha damu cha haraka, kile kinachotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza dhidi ya ugonjwa. Kwa nguruwe wachanga kipimo hicho kinaweza kudanganya kwa pande mbili.

Upande wa kwanza: kingamwili zinaanza kuonekana baada ya siku saba hadi kumi tangu nguruwe aambukizwe. Katika hali kali ya pesti, wengi wanakufa kabla askari hao hawajafika uwanjani. Damu yao itasema «hakuna kitu», na mfugaji atafurahi bure huku virusi vikijaa bandani.

Upande wa pili ni wa ajabu zaidi. Jike aliyewahi kuugua akapona anabaki na kingamwili, na anawapa watoto wake kupitia maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano ya saa za mwanzo. Mtoto wa juma mbili ambaye hajawahi kukutana na virusi anaweza kuwa na kingamwili za mama yake zikitembea katika damu yake. Kipimo kitasema «ndiyo», kumbe ni urithi tu. Zinapungua kadiri anavyokua, lakini katika majuma yale ya mwanzo hakuna wa kutenga cha mama na cha mtoto.

Ndiyo maana kwa watoto wa nguruwe waliokufa, maabara yanatafuta virusi vyenyewe. Virusi hivi vinapenda kuishi ndani ya chembe za mwili zinazokula uchafu na vijidudu, ambazo zimejaa katika bandama, tezi za limfu, mafindofindo ya koo, mapafu na uboho wa mifupa. Kipande cha bandama chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba kinatosha kumpa mtaalamu kazi. Kinawekwa katika mfuko wake, tezi katika mfuko mwingine, figo katika mwingine, kila mmoja ukiandikwa tarehe, umri wa nguruwe na kiungo. Mifuko inafungwa tena ndani ya mfuko wa pili na wa tatu, kisha inawekwa katika sanduku lenye barafu. Inatakiwa baridi, si kugandisha. Kama kuna mgonjwa aliye hai, damu yake inachukuliwa katika mirija yenye dawa ya EDTA. Ile yenye heparini inaharibu kipimo cha PCR.

Na kama mzoga umekutwa umekwisha kuoza, jambo ambalo joto la mwezi wa kumi linaleta ndani ya siku moja? Basi unatafutwa mfupa mrefu wa mguu au wa kifua. Uboho ulio ndani umelindwa na ganda la mfupa, na mara nyingi bado unabeba alama za virusi wakati bandama imekwisha kuwa maji. Virusi hivi ni vya jamii ya DNA, na DNA inavumilia kuoza vizuri kuliko mtu anavyodhani.

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo, si ya mwenye banda na kisu chake. Tone moja la damu ya nguruwe aliyekufa kwa pesti limejaa virusi, na mzoga ukipasuliwa chini ya mwembe, mbwa, kuku na watoto wanapita hapo kabla udongo haujakauka. Pale ambapo hofu hiyo ni kubwa, mtaalamu anaweza kuridhika na pamba iliyochovywa katika damu ya sikio, bila kufungua mzoga kabisa.

Ndani ya labo

Zamani njia iliyoaminika kuliko zote ilikuwa kuotesha virusi. Mwaka 1960 watafiti Malmquist na Hay walionesha kwamba, ukiweka maji ya tishu yenye virusi juu ya chembe nyeupe za nguruwe, halafu ukaongeza chembe nyekundu, zile nyekundu zinajibandika kuzunguka chembe iliyoambukizwa kama shanga kuzunguka shingo. Chini ya mikroskopu hakuna anayeweza kukosa kuona picha hiyo. Shida ni kwamba inahitaji nguruwe safi wa kutoa chembe, siku kadhaa za kungoja, na tena kuna aina chache za virusi ambazo hazileti shanga hizo.

Njia ya pili ni kupaka bandama kwenye kioo na kumwagia kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa. Ndani ya saa chache, chembe zenye virusi zinawaka kijani. Kwa mnyama aliyekufa haraka inafaa sana; kwa yule aliyeugua muda mrefu inakosea mara nyingi, maana kingamwili zake mwenyewe zimekwisha kufunika virusi.

Leo kazi kubwa inafanywa na PCR, neno ambalo Wakongomani wengi walilizoea wakati wa Covid. Tishu inasagwa, DNA inatolewa, na mashine inakuza kipande cha jeni iitwayo B646L, inayobeba maagizo ya kutengeneza protini ya ganda la virusi, p72. Kama kipande hicho kipo hata kwa uchache mno, mashine itakizidisha hadi kionekane. PCR haisemi kama virusi bado viko hai, inasema kwamba vimo au vilikuwamo. Kwa mfugaji mwenye banda la wagonjwa, tofauti hiyo haina maana kubwa. Kwa anayetaka kujua kama banda lililosafishwa ni salama, ina maana sana.

Vipo pia vipimo vya papo kwa papo, vijiti vinavyofanana na vile vya malaria. Vinafaa kwa kundi: kama nguruwe kumi wanaumwa na vijiti vitatu vinaonesha mistari miwili, hakuna haja ya kubishana. Lakini kijiti kimoja kikisema «hapana» kwa mtoto mmoja wa nguruwe, kisichukuliwe kama hukumu.

Kutoka ngiri hadi kimputu

Ugonjwa huu ni wa Afrika yetu ya Mashariki tangu mwanzo. Aliyeueleza kwa mara ya kwanza ni daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery, mwaka 1921, baada ya kuona mabanda ya walowezi wa Kenya yakimalizika karibu yote. Yeye mwenyewe alishuku ngiri na nguruwe pori kwamba wanabeba kitu bila kuugua.

Ilichukua karibu miaka 50 kupata kiungo kilichokosekana. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake, kutoka kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga karibu na Nairobi, walitangaza kwamba wamepata virusi ndani ya kupe waliookotwa katika mashimo ya wanyama huko Tanzania. Kupe hao ndio wale laini wasiong'ang'ania ngozi, wanaojificha katika nyufa na kutoka usiku kunyonya damu. Watanzania wanawaita papasi. Kongo jina lao ni kimputu, na hapa wana historia nyingine: ndio wanaoambukiza watu homa ya kurudiarudia, homa ambayo daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa anaichunguza alipofariki kwayo Kasongo, Maniema, mwezi wa pili 1905.

Na hapa umri unarudi tena. Ngiri mchanga anazaliwa ndani ya shimo na kukaa humo majuma yake ya kwanza, akiumwa na kupe hao. Virusi vinaingia katika damu yake, vinazunguka majuma mawili au matatu, lakini yeye haugui. Kupe wengine wanakunywa damu hiyo na kuvibeba. Ngiri akikua damu yake inakuwa safi, na virusi vinabaki kidogo katika tezi zake za limfu tu. Mwindaji anayepima damu ya ngiri mkubwa aliyepigwa porini hatapata kitu. Tezi zake ndizo zinazoweza kusema. Kwa jimbo lenye mbuga za Upemba na Kundelungu na biashara ya nyama ya pori inayofika hadi mijini, hilo si jambo la vitabuni.

Virusi vya Kongo si vya aina moja

Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Leopold Mulumba-Mfumu, mtaalamu wa Labo Kuu ya Mifugo ya Kinshasa, ilichapisha uchunguzi wa sampuli zilizotoka katika milipuko ya Kongo kati ya 2005 na 2012. Ndani yake walikuta aina tatu za virusi zikizunguka kwa wakati mmoja, ya I, ya IX na ya XIV, zikiwa na matawi 19. Kivu ya Kusini, watafiti wa Bukavu wameripoti pia aina ya X.

Nambari hizo za Kirumi zinaonekana kama mchezo wa wasomi, lakini zinagusa banda la Kamatanda moja kwa moja. Vietnam iliidhinisha chanjo yake ya kwanza mwaka 2022, na habari hiyo ilifika hadi kwenye simu za wafugaji wa Afrika. Chanjo ile ilitengenezwa dhidi ya aina ya II, ile iliyoonekana Georgia mwaka 2007, ikaenea Ulaya ya Mashariki na kuingia China mwezi wa nane 2018. Inafanana na virusi vilivyokuwa vikizunguka Msumbiji, Madagaska na Zambia. Hakuna uthibitisho kwamba inakinga nguruwe dhidi ya aina zilizokutwa Kongo. Anayepita mitaani akiuza «chanjo ya pesti» katika chupa isiyo na karatasi anauza maji, au kitu kibaya zaidi.

Kilomita 120 na barafu

Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita zipatazo 120 kwa barabara ya taifa namba moja, kati ya malori ya madini. Huko Lubumbashi kuna labo ya mifugo na kitivo cha udaktari wa mifugo cha chuo kikuu. Kipimo kikihitaji mikono zaidi, sampuli inaendelea kwa ndege hadi Kinshasa, na kutoka hapo, kwa maswali magumu, hadi maabara ya rejeo kama Onderstepoort ya Afrika Kusini. Kila hatua inadai barafu, karatasi na mtu wa kulipa nauli. Ugonjwa ukitokea, mlango wa kwanza wa kugonga ni ofisi ya ukaguzi wa kilimo, uvuvi na ufugaji, IPAPEL, kwa sababu pesti hii ni ugonjwa unaotakiwa kutangazwa.

Hapo ndipo penye kidonda. Mfugaji anaombwa kungoja majibu bila kuuza, na hakuna anayemwambia nani atamlipa kama majibu ni mabaya. Watu hawafichi ugonjwa kwa ubaya wa moyo. Wanauficha kwa sababu mnunuzi amesimama mlangoni na franka mkononi, wakati sampuli bado iko njiani.

Wakati wa kungoja kuna mambo ambayo hayahitaji labo. Nguruwe wote wafungwe, wasizurure. Dume la kuazima lisiingie wala kutoka. Mabaki ya jikoni yachemshwe nusu saa nzima kabla ya kumwagwa bandani, kwa kuwa moto unaua virusi hivi. Barafu haiviui, na katika nyama iliyogandishwa vinaweza kudumu miaka. Mizoga izikwe shimo refu au ichomwe. Banda lisuguliwe kwanza kwa maji na sabuni hadi samadi iishe, ndipo ipigwe javel, kwani javel ikimwagwa juu ya samadi nguvu yake inaishia huko huko.

Na kama jibu limerudi likisema ni pesti, banda linabaki tupu siku 40 baada ya kusafishwa. Halafu hawaingizwi nguruwe wote. Shirika la FAO linashauri kuanza na wachache, kama mmoja kwa kila kumi ambao banda lingebeba, na kuwachunga majuma sita. Wakiugua au kufa, bandama zao zinapita njia ile ile, katika sanduku la barafu hadi Lubumbashi. Wakibaki wazima na vipimo vyao vikiwa safi, wengine wanaweza kuletwa. Mahali pamoja tu hesabu hiyo inavunjika: banda la udongo lenye nyufa. Wilayani Mchinji, Malawi, kupe wa aina ya kimputu walikutwa wakiishi ndani ya kuta za mabanda ya nguruwe, wakiwa na virusi. Kupe huyo anaweza kukaa miaka bila kula, na siku 40 kwake ni usingizi mfupi. Ukuta kama huo unabomolewa, au unazibwa nyufa zote kwa sementi, kabla mtoto wa kwanza wa nguruwe hajaingia.